Programu Iliyokula Barua: Sehemu ya Saba

Msomaji, umemwacha Kathini koridoni siku saba nzima, mkono wake kwenye kitasa. Mkono umekufa ganzi. Tumrudie kabla hajaanguka.

Mlango wa ofisi ya usajili ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, wakati ambapo Chuo cha Wauguzi cha Ilmarba, kuanzia mkuu wa chuo hadi paka wa jikoni, huwa kwenye githeri. Na humo ndani printa ilikuwa inanguruma.

Printa haingurumi yenyewe.

"Fungua!" Kathini aligonga kwa ngumi. "Najua uko humo!"

Mngurumo ukakatika. Karatasi ikachanwa. Droo ikasukumwa. Mtu akakohoa kile kikohozi cha kutafuta uongo wa haraka.

Ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha pua. Pua ilikuwa ya Jentrix, mpiga chapa wa chuo. Mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma ya mgongo.

"Ai, Kathini! Umekula haraka hivyo?"

"Uko na nini huko nyuma?"

"Mgongo."

Wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, habari ni hizi, na usizikose tena. Mwaka huu wa 2005 chuo kilitangaza kwamba wanaotaka kusomea uuguzi watume maombi kwa barua pepe, cheti na barua vikiwa viambatisho. Maombi yakafurika. Kuvifungua viambatisho hivyo kimoja kimoja kwa laini ya simu ya Kajiado ni kazi ya kumzeesha mtu, kwa hivyo Kathini, karani wa kompyuta, akaandika programu. Mistari themanini na sita, ufundi alioutoa kwenye kitabu kisicho na jalada katika saiba moja ya Kitengela, duka la kukodisha intaneti. Kila asubuhi saa mbili programu inaingia kwenye sanduku la barua, inafungua ujumbe mmoja mmoja, inang'oa viambatisho, inavihifadhi, pamoja na kichwa cha barua, kwenye folda yenye jina la mwombaji, kisha inafuta ujumbe ili sanduku lisijae. Chuo kikamwita Injinia.

Halafu barua zikaanza kupotea.

Watu kumi na mmoja wamepiga simu wakiapa kwamba walituma. Folda zao hazipo. Sanduku ukilifungua ni tupu. Na leo Ijumaa, saa kumi kamili, orodha ya watakaohojiwa inabandikwa ubaoni. Asiye na folda hayumo. Bwana Parmuat, msajili, alikuwa amesema kwa ule upole wake unaotisha kwamba barua zisipoonekana kufikia saa hiyo, Kathini atarudi kwao Kitengela na kitabu chake kisicho na jalada.

Kathini alikuwa na hakika na jambo moja tu. Kuna mtu anaiba. Ndiyo sababu, kabla ya kwenda kula, alikuwa amekipaka kiti chake unga wa chaki nyeupe, mwembamba, usioonekana kwenye kitambaa cha kijivu. Mwizi akikaa, atatembea na ushahidi.

Sasa alimshika Jentrix bega.

"Geuka."

"Nigeuke kwa nini? Mimi ni nguo ya dukani?"

"Geuka, Jentrix!"

Jentrix aligeuka. Karatasi alizoficha zikahamia kifuani. Kathini aliikagua sketi ile ya buluu kama mama anayetafuta chawa. Ilikuwa safi. Hakuna hata chembe ya chaki.

"Hukukaa?"

"Nikae na hii printa yenu ya kutafuna karatasi? Nilikuwa nimeishikilia kama ng'ombe anayezaa!"

Kathini alinyakua karatasi. Alitarajia kuona barua za waombaji. Badala yake aliona mistari yake mwenyewe, themanini na sita, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

"Umechapisha programu yangu?"

"Ndiyo!" Jentrix aliacha kujificha. Alijaza mlango wote, mikono kiunoni. "Nampelekea binamu yangu Melvin, ako na saiba pale Kitengela. Ataisoma. Atatuambia unapeleka wapi barua za watu."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Paswadi uko nayo wewe. Programu umeandika wewe. Inafuta, hata hujakataa inafuta! Halafu unatembea hapa ukitunusa kila mtu. Kathini, mwizi hutafuta mwizi kwa sauti kubwa. Nimekuchunguza wiki tatu."

"Na mimi nimekuchunguza wiki nne!"

Walitazamana. Hakuna aliyetaka kupepesa kwanza.

Ndipo viatu vya watu wawili vikasikika koridoni. Vya kwanza vilikuwa vya Bwana Parmuat, vizito, visivyo na haraka. Vya pili hawakuvifahamu.

"Sopa," Bwana Parmuat alisalimu kwa Kimaasai mlangoni.

"Epa," walijibu wote wawili, wakificha ugomvi kama wanafunzi wanaoficha redio.

"Huyu mzee ametoka Kitengela asubuhi. Anasema hatatoka hapa bila barua ya msichana wake."

Mgeni alivua kofia. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake limepigwa pasi mpaka likang'aa viwiko.

"Wakhungu," alijitambulisha. "Mwalimu Wakhungu. Kiingereza, miaka ishirini na sita, shule ya bweni, sasa mstaafu. Binti yangu Elsie alituma ombi tarehe nne. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilimsomea neno kwa neno, akaandika." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hapa saiba wamenipigia chapa. Inasema ujumbe umetumwa. Je, haisemi hivyo?"

"Inasema, Mwalimu," alijibu Kathini.

"Basi uko wapi?"

Kathini alitazama saa ya ukutani.

"Elsie ni kitinda mimba," Mwalimu aliendelea. "Mwaka ujao umri mnaotaka nyinyi utakuwa umempita. Mlango wake ni huu mmoja. Nimesikia kuna watu hapa wanachagua majina. Wanaangalia la mwisho, wanajua mtu ni wa wapi, wanabonyeza kitufe. Mimi sijamtaja mtu."

Alimtazama Kathini. Kisha akamtazama Jentrix. Kisha, kwa haki, akamtazama Bwana Parmuat pia.

"Mzee, hapa hatufanyi hivyo," alisema Bwana Parmuat. "Na saa kumi haijafika. Tuna saa mbili na dakika kumi." Akageuka kuionyesha ile saa ya ukutani.

Kathini akapiga yowe.

Kwenye suruali nyeusi ya Bwana Parmuat, mahali ambapo mtu hukalia, kulikuwa na miviringo miwili myeupe, mikubwa, iliyopangika vizuri kama sahani za chai.

"Ni wewe!" Kathini alisahau mshahara wake kabisa. "Ni wewe, Mzee! Umekaa kwenye kiti changu!"

"Kiti gani?"

"Nimekipaka chaki! Mwangalieni nyuma!"

Watu watatu walimwangalia msajili wa chuo nyuma, mmoja wao akiwa amevaa miwani. Bwana Parmuat, mtu ambaye hata ng'ombe wake walisemekana kumpisha, alijaribu kujitazama, akazunguka mara moja na nusu, akashindwa.

"Aiya," Jentrix alinong'ona. "Bosi mwenyewe."

"Kwa hiyo ndivyo inavyofanyika," alisema Mwalimu Wakhungu, akivaa kofia tena.

"Tapala!" Bwana Parmuat alinguruma. "Nyamazeni nyote. Nitasema." Alifunga mlango. Alitazama dirishani. Akashusha sauti mpaka ikawa ya mtoto aliyevunja kikombe. "Ni karata."

"Karata?"

"Ile ya kucheza peke yako. Kwenye kompyuta. Mnapoenda kula mimi hubaki kidogo. Tangu Januari." Alimeza mate. "Sijawahi kushinda hata mara moja. Ile jeki nyeusi hukataa kutoka."

Kathini alifungua kompyuta. Mchezo ulikuwa bado upo, umefichwa chini ya dirisha lingine, na jeki nyeusi kwa kweli imekataa kutoka. Bwana Parmuat hakuwa mwizi. Alikuwa mcheza karata mbaya tu.

Lakini bosi aliyeaibishwa mbele ya mgeni hutafuta pa kuiweka ile aibu, na Bwana Parmuat hakuitafuta mbali.

"Hizo karatasi ni za nini?" aliuliza.

"Jentrix amechapisha programu," alisema Kathini, na alipoyasema maneno hayo aliyaonja, akapenda ladha yake. "Alikuwa amejifungia ndani. Anataka kuipeleka nje."

"Na ufunguo wa ofisi hii amepata wapi?"

Jentrix aliutazama ufunguo uliokuwa bado mlangoni.

"Na unafika hapa saa moja asubuhi," Kathini aliongeza. "Askari wa geti aliniambia. Kila siku, saa nzima kabla yangu. Kabla programu haijaanza kazi. Unafanya nini?"

Jentrix aliangalia mkoba wake uliokuwa juu ya meza. Aliuangalia mara moja tu, upesi, lakini Kathini aliona. Kisha msichana yule akaikaza midomo yake kama mfuko wa sukari.

"Siongei mbele yako," alisema.

"Basi utaongea kwa maandishi," alisema Bwana Parmuat. "Toa vitu vyako. Leo. Jumatatu ulete barua ya kujitetea, tutaisoma tukipata nafasi."

Kesi ikaisha, msomaji. Mwizi amepatikana. Jentrix alianza kukusanya vitu vyake: kikombe chenye picha ya ua, kandambili za mvua, kalenda ya kanisa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakidondoka juu ya kalenda, kwenye mwezi wa nane ambao haukuwa umefika.

Kathini hakuwa na sababu ya kutofurahi. Ajabu ni kwamba hakufurahi.

Wakati huo Mwalimu Wakhungu alikuwa ameketi pembeni, karatasi za programu mapajani. Mwalimu mstaafu hawezi kuona maandishi akayaacha yalivyo. Alikuwa ametoa kalamu nyekundu.

"Huyu aliyeandika hii ana shida ya herufi kubwa," alisema. "Anaanza sentensi kwa herufi ndogo. Hapa ameacha nukta. Hapa ameandika *if* lakini *then* yake siioni."

"Mwalimu, hiyo si insha," alisema Kathini. "Ni amri za kompyuta."

"Amri nazo ziwe na sarufi." Kalamu ilitembea. Mstari wa thelathini. Wa arobaini. Ilipofika mstari wa hamsini na mbili, ikasimama. "Binti, hebu njoo. Hii RE imekukosea nini?"

"Ipi?"

"Hii. RE, nukta mbili. Mimi si mtaalamu, lakini naona umeandika kwamba kichwa cha barua kikianza na RE, irukwe."

"Eeh, hiyo." Kathini alijikuta akieleza kwa fahari, kwa sababu ule ulikuwa mstari alioupenda kuliko yote. "Ukijibu barua pepe, kompyuta yenyewe inaongeza RE pale juu. Sasa kulikuwa na mwombaji mmoja wa Loitokitok, Maundu. Tulimwandikia tumepata cheti chake, asante. Akajibu karibu, akaambatanisha cheti tena. Akajibu mara tisa, vyeti tisa! Mzee Parmuat akasema hataki kuona cheti cha Maundu tena maishani. Kwa hivyo nikaiambia programu, ukiona RE, hilo ni jibu tu la barua ya kwanza. Usihifadhi chochote. Ruka, futa, endelea."

"Futa," Mwalimu alirudia.

"Futa."

"Binti, ulisoma shule ya upili?"

"Nilisoma, Mwalimu."

"Barua rasmi mlifundishwa vipi?"

Kathini akacheka. Nani asiyejua? Aliimba kama alivyoimba kidato cha pili, madarasa yote ya nchi hii yanavyoimba. "Anwani yako juu kulia. Tarehe. Anwani ya unayemwandikia, kushoto. Bwana au Bibi mpendwa. Unaruka mstari. Halafu unaandika kichwa kwa herufi kubwa, unapiga mstari chini. Unaanza na..."

Hakumaliza.

Alisikia printa ikipoa: tak, tak. Alisikia Jentrix akikunja kalenda.

Unaanza na RE.

Kila mwanafunzi aliyekalishwa darasani akachapwa mpaka akajua barua rasmi, alipofika kwenye saiba na kukuta kile kisanduku kinachouliza barua inahusu nini, aliandika kama alivyofundishwa. RE: APPLICATION. RE: REQUEST. RE, RE, RE. Na programu, kila asubuhi saa mbili, ilimsoma mtu huyo mwenye adabu zake, ikasema huyu anajibu tu, ikamruka, ikamfuta.

Mwizi alikuwa mstari wa hamsini na mbili. Na aliyeandika mstari huo alikuwa amesimama hapo na unga wa chaki kwenye vidole.

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililomjaribu. Bwana Parmuat alijua karata tu, tena vibaya. Mwalimu alikuwa ameuliza kwa kuitetea RE ya barua rasmi tu, hakujua jibu lake lina uzito gani, na tayari kalamu ilikuwa imeshuka mstari wa hamsini na tatu. Jentrix alikuwa amefika mlangoni, kikombe mkononi. Kathini angenyamaza dakika moja tu. Kisha angeufuta mstari ule taratibu Jumatatu, barua zingeacha kupotea, na kila mtu angesema: mnaona, tangu yule aondoke, kumetulia.

Jentrix aligeuka. "Kwaheri basi, Injinia," alisema. "Na kiti chako upanguse."

"Ngoja," alisema Kathini.

"Ningoje nini? Unipake chaki na mimi?"

"Ngoja! Mzee, si yeye." Sauti ilimtoka nyembamba. "Si mtu. Ni mimi. Ni programu yangu."

Akaeleza yote. Akaeleza vibaya, akirudia, lakini akaeleza. Kwa ushahidi alifungua orodha ya watakaohojiwa, watu sabini na watatu, akasoma vichwa vya barua zao vilivyohifadhiwa. Mmoja aliandika *hi*. Mwingine *form yangu*. Watatu waliandika *Bwana asifiwe*. Mmoja, kutoka Entarara, aliandika *niaje* peke yake, na alikuwa nambari ya kwanza kwenye orodha.

Hakuna hata mmoja aliyeandika RE.

Bwana Parmuat alikalia kiti cha Kathini tena. Chaki haikuwa na maana sasa.

"Nielewe," alisema polepole. "Tumewatupa wote walioandika barua vizuri?"

"Ndiyo, Mzee."

"Tukabaki na niaje?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na nilikuwa namfukuza huyu?"

Kathini aliinamisha kichwa. "Nifukuze mimi. Lakini barua siwezi kuzirudisha. Zikifutwa kwenye sanduku, zimeenda."

Mwalimu Wakhungu alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umeporomoka kama ukuta wa udongo. "Zimeenda," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia Elsie aandike RE. Alitaka kuandika *habari*. Nikamkemea."

Ndipo Jentrix akarudi mezani.

Aliweka kikombe chini. Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. Kisha alifungua mkoba wake, ule ule aliouangalia mara moja upesi, akatoa disketi. Moja. Mbili. Nne. Alizipanga mezani kama anayegawa karata, na Bwana Parmuat akatazama pembeni. Tisa.

"Hizi ni nini?" aliuliza Kathini.

"Nilikwambia nimekuchunguza wiki tatu. Ulidhani kwa macho?" Jentrix alivuta pumzi. "Paswadi nilikuona ukiiandika, ufunguo nikauazima kwa askari wa geti. Kila siku saa moja, kabla programu yako haijaamka, naingia sandukuni, nanakili ujumbe wote kama ulivyo. Kila herufi. Nilitaka siku moja nimwonyeshe mkuu wa chuo: hizi ziliingia, hizi Kathini akaonyesha, hesabuni zilizoliwa. Nilishindwa kuzifungua tu. Ndio nikatafuta Melvin."

Kathini alizitazama zile disketi. Kwa wiki tatu alikuwa amemchukia msichana huyu kwa kuwahi kazini.

"Jentrix," alisema, "wewe ni mshenzi kabisa."

"Najua."

"Nakupenda."

"Acha ujinga, fanya kazi. Saa nane na robo."

Bwana Parmuat akapata tena sauti yake ya kawaida. Nje ya geti watu walikuwa wameanza kujaa wakisubiri orodha. Akamwamuru Jentrix aandike tangazo kwamba orodha itachelewa hadi Jumatatu, na wakatoka pamoja kwenda kulibandika, yeye akitembea kinyumenyume kwa sababu ya suruali.

Ofisini wakabaki wawili, Kathini na Mwalimu.

Kathini aliufuta mstari wa hamsini na mbili. Alibadilisha mwingine mmoja, ule unaoiambia programu iende kwenye sanduku la barua. Sasa ikaambiwa isome disketi. Programu haichagui pa kula. Aliingiza disketi ya kwanza, akabonyeza.

Mashine ikakoroma. Kisha majina yakaanza kutokea kwenye kioo, moja chini ya lingine, kama wanafunzi wanaoitwa asubuhi gwarideni. Folda mpya. Folda mpya. Kiambatisho kimehifadhiwa. Disketi ya pili. Ya tatu. Masila, Celine. Kimehifadhiwa. Kiema, Evalyne. Kimehifadhiwa. Kumi na wanane. Ishirini na sita. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza, akihesabu kwa midomo.

Disketi ya saba, jina la thelathini na nne: Wakhungu, Elsie.

"Huyo!" Mwalimu alipiga makofi mara moja, kubwa, mpaka paka akakimbia koridoni. "Huyo hapo! Si nilisema? Si nilisema alituma?"

"Ulisema, Mwalimu." Kathini alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Viambatisho vitatu."

"Viwili," alisahihisha Mwalimu. "Barua na cheti."

"Hapa viko vitatu. Barua, cheti, na barua nyingine. Ya pili imetumwa..." Kathini aliinama karibu na kioo. "Siku ile ile, dakika kumi na mbili baadaye."

"Ah. Nilikuwa nimetoka kutafuta choo. Pengine aliona kosa akairekebisha. Nimemfundisha hivyo. Hebu fungua hiyo ya pili, ndiyo safi. Nataka uone, binti, barua rasmi inavyoandikwa, ili siku nyingine usiitupe."

Kathini aliifungua. Ilikuwa ya Kiingereza, Kiingereza kilichonyooka kama koti la Mwalimu. Mwalimu alivaa miwani, akasimama wima, akaanza kuisoma kwa sauti ya darasani, akiitafsiri kadiri anavyokwenda.

"Anwani, sawa. Tarehe, sawa, haikufupishwa, unaona? Anwani ya msajili, koma kila mstari. Bwana mpendwa." Aliinua kidole. "Sasa ndipo inapokuja. RE: KUONDOA OMBI..."

Kidole kikabaki hewani.

Macho yake yakaendelea kusoma, lakini sauti haikufuata. Kathini alingoja. Kisha, kwa sababu kioo kilikuwa kikimwangalia na yeye, akasoma pia.

*Naomba jina langu liondolewe. Barua niliyotuma kabla ya hii alinisomea baba yangu. Biolojia nilipata D. Cheti alichokiambatanisha si changu. Ni cha mwanafunzi wake wa zamani, na jina langu limebandikwa juu ya jina lake. Sitaki kumdunga mtu sindano kwa cheti cha mtu mwingine. Tafadhali msimwambie baba kwamba ni mimi niliyeandika. Alifanya kwa kunipenda. Wako mwaminifu.*

Aya zote zilikuwa mahali pake. Hakukuwa na kosa hata moja.

Nje, sauti ya Bwana Parmuat ilikuwa ikirudi, ikicheka na Jentrix kuhusu jambo fulani, ikikaribia mlango.

Mwalimu Wakhungu alivua miwani polepole, akaikunja. Hakumtazama Kathini. Alikuwa akitazama jina la binti yake kwenye kioo, na vile viambatisho vitatu vilivyohifadhiwa salama chini yake.

"Binti," alisema kwa sauti ndogo ambayo darasa lake halikuwahi kuisikia kwa miaka ishirini na sita. "Ule mstari wako wa kufuta. Unaweza kuurudisha?"